Adabu za Porini

Akina mama wenzetu, huku kwetu Kibaha na Kisarawe pori ni la wote. Sisi tunaingia kutafuta kuni, watoto wanachuma mabungo, na mwindaji anapita kwa miguu akiwa na mbwa wake. Msitu wa Ruvu Kusini peke yake umeingia katika wilaya zote mbili. Basi tusipoheshimiana humo, tutaumizana.

Tuanze na sheria. Ile ya mwaka 1974, na iliyofuata ya 2009, zote zinamtaka mwindaji awe na leseni. Paa au funo si wa aliyemwona kwanza, ni mali ya umma. Na msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi ya mazingira asilia, si mahali pa kuwinda hata kidogo. Kwa hiyo nyama ikiletwa usiku wa manane, imefichwa ndani ya gunia la mkaa, mama mwenye sufuria anayo haki ya kuuliza imetoka wapi. Hata Torati, katika Kumbukumbu sura ya 22, inakataza kumchukua ndege mama pamoja na makinda yake.

Tunachokililia zaidi ni mitego ya nyaya. Tulimpokea binti wa darasa la nne aliyetumwa kuni, waya umemkata kifundo cha mguu hadi mfupa ukaonekana. Mwenye mtego hajajulikana mpaka leo. Mtego hauchagui kati ya paa na mtoto, na anayeutega huwa yuko nyumbani anakunywa chai!

Mbwa nao wachanjwe. Mtoto akiumwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mkimbizeni kituo cha afya apate chanjo siku hiyo hiyo. Msipake tumbaku wala pilipili. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, ni nadra sana mtu kupona.

Halafu kuna suala la nguruwe pori. Wanamaliza muhogo wa Mkristo na wa Mwislamu bila kubagua, na wakiwindwa kwa idhini ya afisa wanyamapori kila mkulima anashukuru. Ugomvi huja baadaye, pale kijana wetu anapopitisha nguruwe katikati ya uwanja wa jirani, damu ikidondoka, kisha anakwenda kunawa kisimani. Huo si uhuru wa dini, ni utovu wa adabu.

Katika kitongoji kimoja tunachohudumia tulikaa na mama zetu wa Kiislamu chini ya mwembe, tukapatana: nguruwe apitishwe njia ya nyuma ya mashamba, apasuliwe mbali na kisima, na sufuria za misiba zisiguswe kabisa. Wao waliongeza ombi moja, kwamba wawindaji watoe sauti kabla ya kuwaachia mbwa karibu na njia ya maji. Filimbi tumezinunua kwa mchango wa akina mama, nne kwa kuanzia.