Usiku Mmoja Ullapool

Mji mdogo wa Ullapool uko kando ya Loch Broom, mkono mrefu wa bahari uingiao kati ya milima ya kaskazini-magharibi ya Uskoti. Ulianzishwa mwaka 1788 kwa ajili ya uvuvi wa heringi, na nyumba zake nyeupe zingali zimejipanga safu zikitazama maji. Siku hizi wageni wengi hupita hapo wakifuata njia ya North Coast 500, iliyozinduliwa mwaka 2015, ambayo huanzia Inverness, huzunguka pwani kwa zaidi ya kilomita 800, na kuishia palepale ilipoanzia.

Mimi nilifika huko kwa gari la kulala la shemeji yangu, mkazi wa Glasgow. Ndugu msomaji, usidhani lilikuwa gari la fahari. Lilikuwa gari kuukuu la mizigo lililotiwa vitanda, meza, jiko dogo na mtungi wa gesi. Ndani tulilala watu watano: shemeji, dada yangu, watoto wao wawili, nami.

Safari ilikaribia kuvunjika kabla ya kuanza. Aliyetuuzia gari alikuwa amebandika kigunduzi kimoja cha gesi juu ya mlango, karibu na dari, na tarehe iliyoandikwa nyuma yake ilionyesha kuwa muda wake wa kufanya kazi ulikwisha zamani. Dada, ambaye ni muuguzi, alikigeuza, akakisoma, akagoma kupanda.

“Hiki ni pambo,” alisema. “Silazi wanangu chini ya pambo.”

Shemeji alinung'unikia gharama, lakini hoja za mkewe zilikuwa nzito. Gesi ya mitungi, yaani propani na butani, ni nzito kuliko hewa. Propani kwa mara moja na nusu, butani kwa mara mbili hivi. Ikivuja haipandi darini, bali hushuka na kutanda sakafuni kama maji. Kwa hiyo kigunduzi chake hukaa chini, sentimita 15 hadi 30 kutoka sakafuni, mahali pasipozibwa na mizigo. Nacho hutakiwa kulia mapema, kwani propani ikifikia asilimia 2 hivi ya hewa, cheche moja yatosha kuilipua.

Adui wa pili ni kaboni monoksidi, hewa izaliwayo moto unapokosa oksijeni ya kutosha. Haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Uzito wake hukaribiana na ule wa hewa, hivyo huenea kila mahali. Kigunduzi chake huwekwa usawa wa kichwa cha aliyelala, mita moja hadi tatu kutoka jikoni, si dirishani wala nyuma ya pazia. Tulinunua vyote viwili. Cha gesi, kwa kuwa hula umeme mwingi, tulikiunganisha na betri ya gari. Cha pili kilikuwa na betri yake, na alama ya EN 50291-2, ishara kwamba kimetengenezwa kwa ajili ya magari na mashua.

Usiku wa Ullapool ulikuwa wa mvua na baridi kali. Nami, kwa ujinga wangu, nikashauri tuache jiko likiwaka litupashe joto.

“Kaka,” dada alisema taratibu, “umesahau jiko la mkaa?”

Sikuwa nimesahau. Katika mtaa tuliokulia, msimu mmoja wa masika, mtu na mkewe waliingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango. Asubuhi majirani waliuvunja. Nilinyamaza, nikajifunika blanketi.

Mnamo saa nane usiku king'ora kililia kutoka sakafuni. Shemeji akapeleka mkono kwenye swichi ya taa.

“Usiwashe!” dada alipiga kelele.

Tulifungua milango gizani, tukawatoa watoto mvuani wakiwa wamevikwa mablanketi, na shemeji akazunguka nje kufunga mtungi, ambao tulikuwa tumesahau kuufunga kabla ya kulala. Mimi niliyelala kitanda cha juu sikuwa nimesikia harufu yoyote. Kulipokucha tulipaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi, na pale ulipoungana na jiko mapovu yakaanza kufura. Mitikisiko ya barabara ilikuwa imelegeza kiungo. Hatukuwasha jiko tena mpaka fundi alipoweka mpira mpya.

Kile kigunduzi cha zamani kilikuwa bado juu ya mlango. Usiku kucha hakikutoa hata mlio mmoja.

Nimerudi Dar es Salaam, ambako mitungi ya gesi imeingia katika nyumba nyingi. Sasa kila usiku, kabla ya kuzima taa, huenda jikoni nikafunga mtungi wangu. Watoto hunicheka. Nawaacha wacheke.