Safari ya Lumbadzi na Lilongwe: Kutafuta Mashine ya Mtumba ya Kuranda Mbao

Sisi ni wa karakana ya mbao, upande wa sokoni. Wengi mnatusimamisha njiani na kutuuliza: hiyo mashine mliitoa wapi, na mimi nikienda nitapata? Basi tumekaa chini tukaandika. Tutasema njia tuliyopita na tuliyoyaona, na yule anayeweka akiba kwa kazi kama hii ajue aangalie nini kabla hajatoa kwacha yake mfukoni.

Tuanze na sababu. Mbao nyingi tunazotumia ni za msonobari wa Chikangawa, zinateremka na malori kwenye barabara ya M1 kutoka kaskazini. Zinakuja na ukali wa msumeno, huku nene, huku nyembamba. Kuziranda kwa mkono zote za kitanda kimoja ni jasho la siku nzima, na mteja hakulipi jasho, anakulipa kitanda. Kwa hiyo tulikuwa tunazipeleka Lumbadzi kwenye mashine za watu, tunalipa kwa ubao, tunalipa na matola ya kwenda na kurudi. Ukipiga hesabu mwisho wa mwezi, faida imebaki barabarani.

Mashine mpya hatukuthubutu hata kuuliza mara mbili. Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani, dola moja ikatoka kwenye kwacha 1,180 hivi hadi 1,700 kwa siku moja, na vitu vyote vinavyotoka Afrika Kusini na Uchina vikapanda nayo. Bei hatutaziandika hapa, maana kabla karatasi hii haijafika mkononi mwako zitakuwa zimeshabadilika. Tutasema tu kwamba mashine ya mtumba iliyo nzima tuliikuta kama nusu ya bei ya mpya, pengine chini ya hapo.

Safari yenyewe tuliifanya Novemba 2024. Tulikuwa seremala wanne kwenye kikundi, lakini walikwenda wawili tu, wenye vibali mkononi. Wageni miongoni mwenu wajue: Malawi ilipoingia kwenye Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake, na kati ya hayo limo la kutembea na la kufanya kazi. Kila mtu anakumbuka Mei 2023, wenzetu waliokuwa na maduka Lilongwe walivyokusanywa na kurudishwa Dzaleka, wengine bidhaa zimebaki nyuma. Mtu akiwa na pesa ya kikundi mfukoni na hana karatasi, hiyo si safari, ni kamari.

Kutoka kambini hadi Lilongwe ni zaidi ya kilomita 40. Unafika M1, unageuka kusini, na Lumbadzi unaikuta kabla ya mji, karibu na njia ya uwanja wa ndege wa Kamuzu. Tulishuka hapo kwanza. Kando ya barabara utaona vitanda, fremu za milango na majeneza vimepangwa nje, na nyuma yake ndiyo karakana. Kwa Chichewa seremala ni kalipentala. Wenzetu waliofundishwa kazi Kongo kwa Kifaransa bado wanaita randa "raboti", na mwenye karakana moja alicheka sana aliposikia majina matatu ya chombo kimoja.

Huyo mwenye karakana, abambo wa makamo, hakuwa na mashine ya kuuza. Lakini alitupa somo ambalo hatukulilipia, na tunaliandika hapa kwa faida ya wote.

Kwanza, alisema, tafuta kibati kwenye mota. Kikiwa kimeng'olewa, mshukuru mwenye mali na uende zako. Kikiwepo, soma volti. Ikiandikwa 220 hadi 240 na Hz 50, hiyo ni ya umeme wetu. Ikiandikwa 110 au 120 na Hz 60, ilitengenezwa kwa ajili ya Marekani. Ya Japani inaweza kusema 100. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani unaichoma, na transfoma ya kuibeba inaweza kula ile nafuu yote uliyoifurahia. Ikiandikwa 380 au 415, hiyo ni fezi tatu. Tutarudi kwa hiyo.

Pili, kabla ya umeme, zungusha shafti kwa mkono, waya ukiwa umechomolewa. Ikikwaruza, beringi zimekwisha. Itikise juu na chini, ikicheza, vilevile. Beringi si ugonjwa wa kufa, zinanunulika, lakini zitoe kwenye bei. Nusa mota: harufu ya kuungua haifichiki hata kwa rangi mpya. Na rangi mpya yenyewe iogope. Meza ya mashine ya kuranda ni chuma cha kumimina, na chuma hicho kikipasuka hakiungwi kirahisi. Kigonge kwa kipande cha chuma. Kizima kinalia kama kengele, kilichopasuka kinatoa sauti ya sufuria yenye ufa.

Tatu, usikubali mashine iliyowashwa sekunde tano. Omba iachwe ifanye kazi robo saa, upitishe ubao, kisha izimwe na uguse mota kwa mgongo wa mkono. Joto ni kawaida. Ikiwa huwezi kuacha mkono hapo, kuna jambo.

Halafu akatuambia siri ambayo sisi tunaona ndiyo yenye thamani kuliko zote. Wakati mwingine mota ya fezi moja inaunguruma tu, haizunguki. Mwenye nayo anaamini imeungua na anataka kuitoa kwa bei ya chuma chakavu. Mara nyingi kilichokufa ni kapasita, kile kikopo kidogo kilichofungwa ubavuni, na kapasita haina bei kubwa. Mota iliyoungua kweli inabidi isukwe upya waya zake, hiyo ndiyo gharama. Kwa hiyo mpeleke fundi wa umeme anayejua, apime. Wewe usiiguse kapasita: inashika umeme hata mashine ikiwa imechomolewa.

Tukamshukuru, zikomo kwambiri abambo, tukapanda minibasi.

Kanengo ni mahali pa viwanda, unapita hapo kabla ya mji wenyewe. Katika yadi moja ya vyuma tuliona mashine ambayo hatutaisahau: Wadkin ya Uingereza, kutoka Leicester, ya kizamani, meza pana kama kitanda cha watu wawili, imetulia kama tembo. Mashine kama hizo ziliwekwa kwenye karakana kubwa enzi zile, na nyingine ziko hai mpaka leo kwa sababu hazikutengenezwa zitupwe. Bei yake? Chini ya ile ya mashine ndogo ya mezani iliyokuwa pembeni yake. Tuliangaliana.

Kibati kilisema 415. Fezi tatu. Hapo ndipo nafuu yote ilipo, na hapo ndipo inapoishia. Laini iliyofika kwenye karakana yetu ni ya fezi moja. Kuleta fezi tatu ni maombi, nguzo, waya na kusubiri, na nyumba yenyewe si yetu. Kubadilisha mota inawezekana, mradi upate yenye nguvu ya kutosha na mzunguko uleule, na puli zilingane. Lakini mota kubwa ya fezi moja nayo ni ghali, na ikianza inavuta umeme mara tano sita ya kawaida, majirani wote taa zinalegea. Wengine hufunga injini ya dizeli, kama zile za chigayo. Sisi tulihesabu mafuta tukaacha.

Lakini tuseme ukweli mwingine, si wa umeme. Mashine ile inahitaji lori na watu wanane, na sakafu ya zege ya kuilaza. Ukishailaza haiondoki. Tuko mahali palipokuwa gereza, pakafanywa kambi mwaka 1994, na kila mwaka tunasikia habari mpya kuhusu wapi tutakwenda au hatutakwenda. Mmoja wetu alisema, kununua ile ni kama kuandika kwamba tutazikwa hapa. Mwingine akajibu, mbona watoto wetu wamezaliwa hapa na hatukuandika mahali? Hatukumaliza mazungumzo hayo. Tulikubaliana tu kwamba kwetu sisi mashine nzuri ni ile ambayo watu wawili wanaweza kuinyanyua na kuipakia kwenye matola usiku mmoja.

Muuzaji mmoja mjini alitaka kutupa msumeno wa duara bila karatasi yoyote, kwa haraka, bei ya kuchekesha. Tulikataa. Mwenyeji akikamatwa na kitu cha wizi anaita ndugu zake. Mkimbizi anaita nani? Karatasi ya mauzo yenye jina, namba ya kitambulisho, namba ya mashine na shahidi mmoja ni sehemu ya mashine, kama vile mkanda. Msumeno wenyewe kinga yake ilikuwa imeshatolewa. Wauzaji husema kinga inasumbua kazi. Vidole navyo vinasumbua vikikosekana, na karakana zetu ziko mlango kwa mlango na nyumba, watoto wanaingia na kutoka.

Kule Old Town, soko la Tsoka lipo kando ya mto Lilongwe, na ukitaka kuvuka upande wa pili unapita kwenye vidaraja vya mbao, unamlipa mwenye kidaraja. Sisi kama seremala tulivitazama kwa jicho la kazi. Misumari mingi kuliko mbao. Tsoka mashine kubwa hazipo, lakini vyombo vya mkono vipo. Tulipata randa ya chuma ya Stanley, ya Kiingereza, kutu juu tu, kisu kikiwa na urefu wa kutosha bado, na jiriwa ya Record ya Sheffield ambayo parafujo yake inazunguka laini kabisa. Vyombo kama hivyo hufika Afrika kwa njia nyingi. Hata shirika la Uingereza, Tools for Self Reliance, kwa zaidi ya miaka 40 lilikusanya vyombo vya zamani, likavinoa na kuvituma kwa mafundi, Malawi na Tanzania zikiwemo. Kwa maoni yetu, kijana anayeanza anunue randa ya zamani kama hiyo kabla ya mashine mpya za plastiki zenye jina la Makita lililobandikwa. Makita ya kweli ni nzuri. Stika ni stika. "Tsitsani pang'ono, achimwene," tulimwambia muuzaji, na akateremsha kidogo kweli.

Lakini mashine ya kuranda hatukuipata Lilongwe. Tuliipata hapa hapa kambini, nyumba sita kutoka karakana.

Wote tunajua soko lile lisilo na meza: familia inapata tarehe ya kusafiri, na ndani ya wiki mbili inauza godoro, baiskeli, redio, cherehani. Hakuna bei rahisi kama ya mtu anayehesabu siku. Papa mmoja, fundi kuliko sisi, alikuwa na mashine ndogo ya inchi 10, fezi moja, volti 230, visu vizima, kinga ipo, karatasi ipo. Safari yao ilikuwa ya Marekani, mwisho wa Januari 2025. Watu walikuwa wameanza kumpa robo ya bei, wakijua hana la kufanya. Tulibishana kwenye kikundi jioni nzima. Wengine walisema soko ni soko. Mwishowe tulimpa alichokuwa ameomba mwanzoni, na tukaandika kwenye daftari, mbele ya mama watoto wake na wazee wawili, kwamba safari ikivunjika ndani ya miezi sita ana haki ya kuichukua kwa pesa ileile.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais mpya wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha kupokea wakimbizi, na safari zilizokuwa zimepangwa zikafutwa. Mnakumbuka wiki ile ilivyokuwa hapa. Watu wenye mabegi yamefungwa, nyumba tupu, hata sufuria zimeuzwa.

Papa alikuja karakana siku ya nne. Hakuja na pesa, ilikuwa imeshalipa madeni na viatu vya watoto. Tulifungua daftari. Kurudisha kwa pesa asingeweza, na sisi kumnyima hatukutaka. Tukaandika ukurasa mwingine: anaingia kikundini kwa sehemu sawa, na sehemu ndogo ya kila kazi inakatwa polepole kwa upande wake. Sasa tuko watano. Yeye ndiye anayenoa visu, maana ana mkono wa hiyo kazi, na umeme wa ESCOM ukikatika anachomoa waya kwanza kabla ya yote, kwa sababu ukirudi unarudi kwa kishindo.

Visu vyenyewe vimeanza kuwa vifupi. Kama kuna msomaji mwenye kibali cha kwenda Lilongwe mwezi ujao, akiona jozi ya visu vya kuranda vya inchi 10 vyenye tundu tatu, tunaomba apite karakana kwanza achukue kisu cha mfano. Baada ya saa mbili asubuhi tupo.