Ndege ya Katanga yarudi angani, safari hii kwenye kompyuta

PWETO – Kuna mchezo wa kompyuta unaoitwa simuleta ya ndege. Mchezaji anakaa mbele ya skrini na kurusha ndege juu ya dunia iliyotengenezwa kwa picha za satelaiti. Ile ya Microsoft ilianza mwaka 1982. Zikafuata nyingine kama X-Plane, na FlightGear inapatikana bure. Mtu akiruka kutoka Lubumbashi kuelekea kaskazini, ataliona Ziwa Mweru, ataona mahali Mto Luvua unapotokea ziwani, na hapo ndipo Pweto. Maji yapo, barabara zipo. Watu ndio hawapo.

Mchezo huu una mafundi wake, na kati yao wamo wapaka rangi. Kazi yao inafanana na ya fundi cherehani. Umbo la ndege liko katika faili moja, na ngozi yake iko katika picha nyingine iliyotandazwa: bawa la kushoto huku, la kulia kule, mkia pembeni, kama vipande vya kitenge kabla ya kushonwa. Fundi anafungua picha ile, anapaka kijani, anaweka bendera, anaandika namba, kisha programu inaivika ndege. Ugumu uko kwenye mishono. Mstari unaoanzia ubavuni unatakiwa ukutane na mwenzake tumboni. Akikosea kidogo, bendera inakatika katikati.

Wengine wanapaka rangi za makampuni ya usafiri, na wengine wanapenda ndege za jeshi. Halafu wapo wanaobuni: wanaipa ndege za vita nchi ambayo haikuwahi kuwa nazo, au nchi ambayo haiko kabisa kwenye ramani. Hakuna anayekatazwa. Rangi ya kompyuta haigharimu kitu, na ndege ya kubuni haiui mtu.

Lakini Katanga ilishafanya hivyo kwa ndege za kweli.

Tarehe 11, mwezi wa saba, 1960, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Hakuna nchi iliyoitambua. Pamoja na hayo ilikuwa na bendera: nyekundu, nyeupe na kijani, yenye misalaba midogo mitatu ya shaba, ile iliyokuwa pesa ya mababu kabla ya Wazungu. Ilitaka na jeshi la anga. Mwezi wa pili 1961, ndege tatu za jeti aina ya Fouga Magister, zilizotengenezwa Ufaransa kwa ajili ya kufundishia marubani, zilishushwa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Zilivikwa alama za Katanga, na mamluki wa Kizungu wakazirusha.

Ilipofika mwezi wa tisa mwaka ule, ilikuwa imebaki moja tu inayoruka. Moja! Ikatosha. Umoja wa Mataifa haukuwa na ndege ya kivita hata moja Kongo, kwa hiyo ile Fouga ilishambulia ilivyotaka. Huko Jadotville, sasa Likasi, askari wa Ireland wapatao 150 walizingirwa kuanzia tarehe 13, na ndege ile ikawapiga kutoka juu, mpaka wakajisalimisha tarehe 17. Usiku uleule, Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa pamoja na wote waliokuwa naye ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola. Alikuwa anakwenda kuonana na Tshombe. Watu wakaitaja Fouga, na mpaka leo uchunguzi haujafungwa.

Mwezi wa kumi ndipo Umoja wa Mataifa ulipoleta jeti zake: za Sweden, ambazo Waswidi wenyewe waliziita "pipa" kwa unene wake, za Ethiopia na za India. Mwisho wa 1962 ndege za Sweden zilishambulia uwanja wa Kolwezi na kuharibu ndege za Katanga zikiwa chini. Mwezi wa kwanza 1963, kujitenga kukaisha.

Hiyo ndiyo habari anayoikuta mpaka rangi akitafuta mfano wa kuiga, maana Fouga imetengenezewa simuleta pia. Ni ndege nzuri, hilo lazima likubaliwe: mkia wake umefunguka kama herufi V, na kupanga bendera juu ya mkia wa namna hiyo ni mtihani ambao fundi anaupenda. Anatafuta picha za zamani, anahesabu alama, anabishana na wenzake kama kijani kilikuwa cha majani mabichi au cha majani makavu.

Asichokikuta kirahisi ni waliokuwa chini. Mwaka uleule wa 1961, maelfu kwa maelfu ya Baluba walizikimbia nyumba zao katika mitaa ya Élisabethville na kujikusanya kambini, chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Walijenga kwa walichookota. Mwaka uliofuata walisafirishwa, wengine kaskazini mwa Katanga, wengine Kasai. Wahami wa leo hawahitaji kuelezwa kambi ile ilikuwaje.

Na bendera ile haikuzikwa na Tshombe. Wapiganaji wa Bakata Katanga waliibeba tena. Tarehe 23, mwezi wa tatu, 2013, mamia yao waliingia Lubumbashi nayo, na watu wakafa barabarani. Kabla ya hapo na baadaye, vijiji vilichomwa katika eneo la Manono, Mitwaba na Pweto, lile lililopewa jina la pembetatu ya kifo. Kwa hiyo kijana wa Lubumbashi anapoweka misalaba mitatu juu ya bawa, yeye anaona historia na rangi zinazopendeza. Mama aliyekimbia Mitwaba na watoto mgongoni anaona kitu kingine, na hakosei.

Kwa aliyekimbia vita, rangi ya ndege haikuwahi kuwa pambo. Sauti inatangulia; kisha macho yanatafuta juu. Ni nyeupe? Ina herufi mbili nyeusi za Umoja wa Mataifa? Basi huenda imeleta unga, daktari, au wageni wa kuandika majina. Ni ya kijani? Mtu hangoji kusoma zaidi. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2000, waasi wa RCD na jeshi la Rwanda walipouteka mji wa Pweto, askari na raia walivuka kuingia Zambia. Wengi wa waliovuka wakati ule waliishi miaka katika kambi za Kala na Mwange. Waliokimbia tena mwaka 2017 walipelekwa Mantapala, wilaya ya Nchelenge. Nyeupe ile ilikuwa na maana kwao.

Ndiyo maana sheria inashikilia rangi kwa ukali. Mkataba wa Roma, ambao Kongo iliuridhia mwaka 2002, unasema kwamba katika vita baina ya mataifa, kutumia kwa hila bendera au alama za Umoja wa Mataifa hadi watu wafe au waumizwe vibaya ni uhalifu wa kivita. Yapo yaliyotokea. Mwaka 2007, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba huko Darfur, serikali ya Sudan ilikuwa na ndege ya jeshi iliyopakwa nyeupe, na herufi za Umoja wa Mataifa zimeandikwa kwenye bawa. Sudan ilikana. Huo nao ulikuwa upakaji wa rangi, ila hapo hakuna kitufe cha kuanza upya.

Hakuna sababu ya kumnyang'anya kijana mchezo wake. Anayejua kuvika ndege picha bila kukata mstari amejifunza kazi ya mikono na macho, na wapo wanaolipwa kwa ujuzi kama huo. Fouga ya Katanga ilikuwepo. Kuificha itakuwa uongo mwingine. Lakini kila rangi ya simuleta inasambazwa pamoja na faili ndogo ya maandishi, ambamo fundi anaandika jina la ndege, mwaka na namna ya kuiweka. Mara nyingi inaishia hapo. Faili hiyo ina nafasi ya kutosha kuandika Jadotville, kambi ya Baluba ya Élisabethville, na majina ya vijiji vya Pweto na Mitwaba ambako bendera ileile ilionekana tena. Majina hayo wahami wanayo, na wanayakumbuka vizuri kuliko picha yoyote ya satelaiti. Kijana hana haja ya kuyatafuta mbali, aende akawaulize.