Hesabu ya Marehemu Baba

Katika karatasi ya Fasihi, 102/3, swali la dondoo aghalabu huanza na muktadha: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kwa nini. Alama 4. Kila ninaposahihisha hukutana na watahiniwa wanaozipoteza alama hizo, na si kwamba kitabu hawakukisoma. Wameandika walivyosimuliwa bwenini. Mimi jambo hili sikulijulia chuoni. Alinifunza marehemu baba, ambaye maishani mwake hakusoma tamthilia hata moja.

Baba alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini Kilindini. Tulikaa Ganjoni, na usiku tulizisikia honi za meli tukiwa kitandani. Makontena yalikuwa yamekwisha kuingia, lakini mizigo mingi bado ilikuwa ya magunia. Alisimama na daftari lake akipiga vijistari vinne, cha tano akikikatiza juu yake. Ukimsemesha hapo hakuitikii, hata ukiwa mkubwa wake wa kazi.

Nilipokuwa darasa la sita aliletewa karatasi atie sahihi kwamba magunia 600 yamepakiwa. Daftari lake lilikuwa na 582. Wenzake walikwisha kutia sahihi. Yeye alikataa. Kampuni iliyomwajiri, ambayo sitaitaja, ikamwondoa kwenye zamu za usiku, na zamu hizo ndizo zilizokuwa zikilipa karo. Mama akaanza kuuza viazi karai mlangoni. Kaka yangu akakaa nyumbani muhula mzima.

Niliona uchungu, nikamwuliza, “Baba, magunia 18 si yako. Yanakuhusu nini?”

“Mwanangu, mimi sikuyaona. Sasa niandike nini?”

Basi. Hakunihubiria uaminifu. Mama alikuwa na maoni yake kuhusu sahihi ile, na sidhani alikosea kwa kila kitu. Aliyekuwa akisimama mbele ya karai la mafuta moto kila jioni ni yeye.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu sasa tunaingia katika Bembea ya Maisha, tamthilia yake Timothy Arege. Darasani, wanafunzi humaliza habari za Yona kwa neno moja: mlevi. Ni kweli. Ulevi umemnyima kazi ya ualimu, na Sara amepigwa. Wewe usiyafiche hayo kwa kuwa Yona ni baba na wazazi huheshimiwa. Lakini majuto yake nayo yamo kitabuni, na mtahiniwa anayeyaacha ametia sahihi karatasi ya watu wengine. Ukiulizwa sifa za mhusika, kila sifa iwe na tukio ulilolisoma kwa macho yako. Kama hulioni, acha nafasi uendelee na lililopo.

Siku ya tatu ya matanga ya baba tulifungua kabati lake tukakuta madaftari yamefungwa kwa uzi. Lile la mwaka ule lilikuwamo. Kaka alikaa chini kwenye mkeka akahesabu vifungu kimoja kimoja, mimi na mama tukimtazama: 116, na vijistari viwili pembeni. Akalifunga, akaomba abaki nalo yeye. Hakuna aliyempinga.