Esanse Si Sabuni

Ukipita katika mitaa yetu ya Bukavu siku ya Jumamosi mchana, utaona kila mwenye gari akishughulika nalo. Huyu asugua vioo, yule ang'arisha magurudumu, watoto wabeba ndoo za maji kwa furaha, kwa maana kesho ni siku ya Bwana, na gari litasimama mbele ya kanisa machoni pa watu wote. Jambo hilo si baya. Usafi ni heshima. Lakini ni wachache wanaofungua kapo, yaani mfuniko wa mbele, ili watazame hali ya moteri. Tena katika hao wachache, wako wanaoiosha kwa njia inayoweza kuwaangamiza wao wenyewe pamoja na jamaa zao. Juu ya jambo hili nataka kusema leo, bila ukali, kwa kuwa ni ndugu zangu na majirani zangu.

Kwanza tuulize: moteri yaoshwa kwa sababu gani, nayo imefichwa? Si kwa ajili ya kujionyesha. Katika kiangazi, toka mwezi wa 6 mpaka wa 8, vumbi la barabara zetu laingia kila mahali. Mvua zikirudi, matope yafuata. Vumbi hilo likikutana na mafuta yanayovuja kidogo kidogo, hugeuka kuwa gamba jeusi, nene kama ugali uliogandia chunguni. Gamba hilo huzuia joto kutoka vizuri, na baya zaidi, huficha mahali mafuta yanapovujia. Mganga hawezi kutibu kidonda asichokiona. Pengine utakuta pia majani makavu chini ya kioo cha mbele, au kiota cha panya kilichojengwa kwa nyasi na vitambaa karibu na bomba la moshi. Hizo ni kuni zinazongoja moto tu. Basi, anayesafisha moteri asafisha ili apate kuona. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Lakini twasafisha kwa kitu gani? Hapa ndipo hatari inapoanza. Watu wengi hushika chupa ya esanse, brashi na kitambaa, kwa sababu esanse huyeyusha mafuta mara moja. Mazoea hayo ni ya zamani sana. Katika mwezi wa 8 wa mwaka 1888, mama mmoja wa Udachi, Bertha Benz, mke wa Karl Benz, alisafiri pamoja na wanawe wawili kwa gari lililotengenezwa na mumewe, toka Mannheim mpaka Pforzheim, kilometa 100 hivi. Njiani mafuta yalimwishia. Hakukuwa na kituo cha esanse popote duniani, basi akaenda kwa mwuza dawa wa mji wa Wiesloch akanunua ligroin, ambayo ni aina ya esanse. Kwa nini mwuza dawa alikuwa nayo? Kwa sababu watu waliinunua ili kutoa madoa katika nguo. Hivyo esanse ilijulikana kama kitu cha kusafishia kabla haijawa chakula cha magari. Lakini tusisahau kwamba ndiyo hiyo hiyo iliyosukuma gari la mama yule, nayo ililisukuma kwa kuwaka.

Sisi walimu tumezoea kuuliza sababu. Esanse yenyewe, ikiwa majimaji, siyo inayowaka. Kinachowaka ni mvuke wake. Nayo hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata penye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Sembuse katika jua letu! Mvuke huo hauonekani, tena ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupandi juu kama moshi wa jikoni. Hushuka, hutambaa chini, hufuata mteremko kama maji, ukitafuta moto. Ukikutana na kaa moja la mbabula, au cheche ya batri, au sigara, huwaka, na moto hurudi mbio kwa njia ile ile mpaka kwenye chupa.

Miaka michache iliyopita jambo hilo lilitokea katika mtaa tunaokaa. Mwanafunzi wangu wa darasa la sita, mtoto wa miaka 13, alikuwa akiosha magari siku za Jumamosi ili apate feza za mtihani. Mwenye gari mmoja alimpa esanse katika chupa, akamwambia aoshe moteri upesi. Hatua nane au tisa upande wa chini, mama mmoja alikuwa akikaanga maandazi juu ya mbabula yake, kama alivyofanya kila siku. Hakuna aliyewasha kiberiti, hakuna aliyefanya mchezo. Mara tulisikia mlio kama wa shuka kubwa linalokung'utwa, na mikono ya mtoto ikawa inawaka. Watu walikimbilia ndoo za maji ili wazimwage juu ya gari. Mzee mmoja akawazuia kwa sauti kubwa, akatupa mchanga, akamfunika mtoto kwa blanketi. Yule mzee alijua kwamba esanse huelea juu ya maji. Anayemwagia maji moto wa esanse auchukua na kuupeleka mbali zaidi.

Nilipomtembelea hospitalini, mikono yake ilikuwa imefungwa vitambaa mpaka viwikoni. Aliniuliza jambo moja tu: «Mwalimu, mtihani utaningoja?» Haukumngoja. Alirudia darasa mwaka uliofuata, na kwa neema ya Mungu vidole vyake vyashika kalamu leo. Lakini mwaka mzima wa mtoto ulipotea kwa ajili ya kuokoa saa moja ya mtu mzima.

Wengine huniambia: «Mwalimu, mimi situmii esanse. Natumia mazuti, au petroli ya taa.» Ni kweli, hizo ni pole zaidi. Petroli ya taa hutoa mvuke wa kuwaka ikipata joto la nyuzi 38 hivi na kupita, na mazuti nyuzi 55 hivi. Lakini moteri iliyotoka safari ina maji ya nyuzi 90, na bomba lake la moshi lapita mamia ya nyuzi. Hapo upole wa mazuti umekwisha. Sabuni na maji havina hila hiyo.

Nieleze sasa njia niliyofundishwa seminarini. Padri mtunza-mali wetu alikuwa na gari kuukuu la misioni, naye alitupa sisi vijana kazi ya kulisafisha. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: «Acheni ipoe.» Tuliosha asubuhi, baada ya gari kulala usiku kucha. Maji baridi yakimwagwa juu ya chuma chenye moto mkali, chuma chaweza kupasuka. Na kifuniko cha radiateri kisifunguliwe kamwe moteri ikiwa moto. Hapa kwetu, kwenye kimo cha mita 1,500 hivi juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 95. Ndani ya radiateri yamebanwa yasichemke, hata joto likizidi hapo. Ukifungua, yachemka yote mara moja na kuruka usoni pako.

Neno la pili: chagua mahali. Gari liwe nje penye hewa, juu ya ardhi sawa, mawe yakizuia magurudumu. Ufunguo utolewe na kutiwa mfukoni. Kijiti cha kapo kisimame imara. Mbabula, sigara na watoto wadogo wakae mbali.

Neno la tatu: ondoa umeme. Vua pete na saa ya mkono. Kama redio ya gari hutaka namba ya siri, itafute kwanza. Kisha fungua waya wa batri wenye alama ya kutoa (−), halafu ule wa kujumlisha (+). Utaratibu huo una sababu yake: ukianza na ule wa kujumlisha, na ufunguo wa chuma ukagusa mwili wa gari, cheche kubwa itaruka, nayo batri inapojazwa hutoa hewa inayowaka. Tena katika magari mengine feni ya radiateri huweza kuanza kuzunguka yenyewe ingawa moteri imezimwa, na vidole havioti tena.

Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya batri, usiuguse kwa mkono mtupu wala usiupulize, kwa maana una asidi. Koroga kijiko kimoja cha bikaboneti, ile ya kuumulia mikate, katika glasi ya maji, paka kwa brashi, ngoja povu litulie, futa. Lakini maji hayo yasiingie ndani ya batri.

Neno la nne: funika. Chukua mifuko ya plastiki, ufunge vizuri mdomo wa kuvutia hewa, alternateri, kisanduku cha fyuzi, bujia na waya zake, pamoja na kisanduku cha kompyuta. Ihesabu mifuko hiyo, usije ukasahau mmoja.

Sasa kazi yenyewe. Anza kwa ukavu: ondoa majani na vumbi kwa brashi. Halafu tia sabuni ya vyombo katika maji, chovya brashi, sugua sehemu moja baada ya nyingine. Kwa pembe ndogo mswaki mzee wafaa sana. Penye gamba nene, paka sabuni, ngoja dakika chache, kwangua kwa kijiti cha mti, rudia. Futa kwa kitambaa kilichochovywa katika maji safi na kukamuliwa. Usimwage ndoo, wala usitumie mashini ya kurusha maji kwa nguvu, kwa kuwa maji hayo hupenya mahali ambapo mvua haifiki. Mwisho kausha kwa kitambaa, acha kapo wazi juani saa moja au mbili, ondoa mifuko yote, rudisha waya wa kujumlisha kwanza na wa kutoa mwisho. Washa, sikiliza.

Baada ya siku tatu fungua tena utazame. Penye weusi mpya unaong'aa, mafuta ya moteri yavuja. Ukisikia harufu ya esanse, usiwashe gari, ita fundi. Ukiona majimaji ya rangi ya kijani au nyekundu chini ya radiateri, yafute upesi. Dawa inayotiwa katika maji ya radiateri mara nyingi ina utamu mdomoni, nayo ni sumu kwa mtoto na kwa mbwa.

Niongeze onyo moja kwa ajili ya magari mapya yanayotumia esanse na umeme pamoja. Ukiona waya nene za rangi ya machungwa, usizifungue wala usizimwagie maji. Batri ya kawaida ina volti 12. Katika waya hizo mwaweza kupita volti 200 na zaidi. Kazi hiyo mwachie fundi aliyeisomea.

Limebaki neno moja, nalo si dogo. Maji machafu ya moteri yaenda wapi? Wengi wetu huyaacha yatiririke mferejini, au huteremsha gari mpaka ufukoni na kuliosha huko. Lakini ziwa Kivu ndiko jamaa nyingi zinakoteka maji. Tena maji yake hayakai hapa. Yatoka Bukavu kwa mto Ruzizi, yaingia Tanganyika, na kutoka huko, kwa mto Lukuga karibu na Kalemie, yaelekea Lualaba. Uchafu wetu una safari ndefu, na kila mahali unapopita pana mama mwenye mtungi. Mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko alituandikia waraka Laudato si' juu ya kuitunza dunia, nyumba yetu sote. Kuutii si jambo la wakubwa tu. Tandaza mchanga au unga wa mbao chini ya gari, unywe yale maji meusi, uukusanye katika kopo, umpelekee fundi anayekusanya mafuta machakavu. Vitambaa vyenye mafuta vitie katika kopo lenye kifuniko, mbali na jiko.

Bwana wetu aliwakaripia wale waliosafisha kikombe kwa nje tu. Gari nalo lina ndani yake, na hiyo ndani ndiyo inayotupeleka kazini na kuturudisha. Basi ninyi baba, msimpe mtoto wa mwenzenu chupa ambayo hamwezi kumpa mtoto wenu. Ninyi mama, mkiona mtu aosha kwa esanse karibu na mbabula zenu, mwambieni bila haya aache, mna haki. Nanyi wanafunzi mnaotafuta feza za masomo kwa kuosha magari, kazi yenu ni ya heshima. Lakini mkiamriwa kutumia esanse, kataeni kwa adabu, ombeni sabuni. Na ikiwa mtu ameungua, mwagieni kidonda maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, msipake mafuta wala dawa ya meno, mpelekeni upesi kwa mganga.

Sabuni yachukua saa mbili, esanse dakika kumi. Ni kweli. Lakini saa mbili hizo mtazipata tena Jumamosi ijayo.