Spika Mbili, Kiti Kimoja

Kariakoo spika huuzwa kwa kifua. Muuzaji anakusogeza mbele ya sabufa, anapandisha sauti mpaka shati linacheza mwilini, halafu anauliza, "Umeisikia hiyo?" Umeisikia, na mtaa mzima umeisikia. Ubavuni mwa boksi kuna karatasi inayosema wati 10,000. Soketi ya ukutani kwangu, ya ampea 13, hutoa kama wati 3,000 tu, kwa hiyo hizo nyingine labda hutolewa na muuzaji mwenyewe. Sina ugomvi na sabufa. Kwenye harusi na kwenye singeli ndiyo kazi yake. Ila mimi nilikuwa natafuta kitu cha kusikilizia Bach kwenye sebule ya futi 10 kwa 12, na duka baada ya duka hakuna aliyeniuliza swali ambalo kwa maoni yangu linatangulia hata bei: chumba chako kina ukubwa gani?

Chumba kidogo kina noti zake, nazo utazisikia upende usipende. Sauti nzito ina mawimbi marefu, na pale nusu ya wimbi inapolingana na umbali kati ya ukuta na ukuta, noti hiyo inavimba na kugoma kuondoka. Hesabu yake ni nyepesi: chukua kasi ya sauti, ambayo kwa joto la Dar ni kama mita 348 kwa sekunde, gawanya kwa urefu wa chumba mara mbili. Urefu wa sebule yangu unanipa mitetemo karibu 48 kwa sekunde, upana 57, na kimo, kutoka sakafu hadi dari ya zege, 64. Sasa Do ya chini kabisa ya selo ni mitetemo 65. Yaani nyumba niliyopanga imejengwa, bila fundi kujua, ili kuivuruga noti moja ya Bach. Ile suti ya tatu ya selo inaanza kwa kushuka moja kwa moja mpaka kwenye hiyo Do, na ukiipigia spika kubwa iliyobanwa kwenye kona utasikia mpigaji akishuka ngazi vizuri, halafu akitumbukia kisimani.

Ndiyo maana nilinunua ndogo. Nilizipata kwa mtu wa mitumba, za mbao, kila moja karibu na ukubwa wa boksi la viatu, na hazina lile tundu la nyuma la kupumulia besi. Rafiki zangu walicheka. Lakini wazo la spika ndogo kwa muziki mkubwa si la watu wasio na hela peke yao. Miaka ya 1970 BBC walikuwa na tatizo kama langu: mafundi mitambo wao walikaa ndani ya magari ya matangazo ya nje, mahali pa kubanana, na ilibidi wasikie kama mtangazaji anasikika kama binadamu. Wakabuni kiboksi cha kama sentimita 30 kwa 19 kwa 16, wakakiita LS3/5A, na mpaka leo kuna watu wanaokitafuta kwa bei ya kutisha. Hakitoi besi ya chini kabisa, na hiyo ndiyo faida yake ndani ya gari, na ndani ya sebule yangu. Sikio halijali sana. Ukisikia mitetemo ya 131 na 196 inayofuatana na ile 65, ubongo unajaza wenyewe kilichopungua chini. Zangu si LS3/5A, nisije nikakudanganya, ila fikra ni ileile.

Baada ya kununua, kazi iliyobaki haina gharama, ni ya kusogeza. Niliziweka juu ya stuli, twita zikiwa usawa wa sikio la mtu aliyekaa, sentimita 80 kutoka ukuta wa nyuma yake, kwa sababu kila unavyozisukuma ukutani besi inaongezeka na uwazi unapungua. Kati ya moja na nyingine mita 1.6, na kutoka kila moja hadi kichwa changu vilevile mita 1.6. Pembetatu. Nikazigeuza kidogo zinitazame. Kwa kuta za pembeni nilitumia kioo cha kunyolea: unakaa kwenye kiti, mtu anatembeza kioo ukutani, na pale unapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapogonga kabla ya kukufikia. Upande mmoja hapo nimeweka rafu ya vitabu, vya ukubwa tofauti, bila kuvipanga kwa unadhifu, kwa kuwa uso usio sawa huitawanya sauti. Upande wa pili nimetundika blanketi zito. Kanga haisaidii hapo, ni nyepesi mno, inanyonya tu kale kamng'aro ka juu na kuacha yote mengine. Sakafuni kuna zulia. Feni inazimwa, maana muziki huu, tofauti na Bongo Fleva ambayo karibu kila sekunde ina sauti ileile, unashuka mpaka kunong'ona, na mnong'ono haushindani na feni. Joto lake unalijua.

Ukikaa kwenye kiti hicho, spika zinapotea. Fidla zipo kushoto, selo kulia, na katikati, mahali ambapo hakuna kitu ila ukuta na soketi, anasimama mwimbaji. Ukisogea futi mbili, ameondoka. Na hapa ndipo shida ilipoanza, kwa sababu kiti ni kimoja na sisi tuko wawili.

Baba yangu aliimba sauti ya nne kwenye kwaya ya Kilutheri huko Machame zaidi ya miaka thelathini. Haleluya ya Handel anaijua kwa Kiswahili, kwa kichwa, pamoja na sehemu za wenzake. Tangu mama afariki anaishi nami. Na nyumbani kwetu, kama kwenu, kiti kizuri ni cha mzee. Hakuna aliyejadili. Siku ya kwanza spika zilipokaa sawa, alikaa pale, nami nikakaa kwenye stuli ya jikoni kando ya mlango, nikisikia spika moja na nusu.

Ingekuwa rahisi kama asingekuwa na sikio la kushoto linalokufa. Uzee huanza kula sauti za juu, zile za s na f na ncha ya fidla, halafu unaendelea. Baba akiitwa kutoka kushoto hageuki. Na ile picha ya muziki inayosimama katikati hutengenezwa na masikio mawili yakilinganisha; kwa sikio moja kiti kile ni kiti tu. Nililijua hilo kila jioni nikiwa mlangoni. Lakini kumwambia "Baba, hapo panakupotea bure" ni kumwambia kitu kingine kabisa, ambacho yeye mwenyewe alikuwa hajakitamka, na hospitali alikuwa ameahirisha mara tatu. Kazi yangu ni kuuliza watu maswali magumu. Hilo sikuliuliza.

Yeye alilalamika kwa njia yake. "Mama," maana huniita hivyo, "redio yako ni nzuri lakini haina sauti ya nne." Nikasema ipo. "Ipo wapi? Mimi naijua inapopita." Akainuka, akaanza kuzunguka chumbani huku kwaya inaimba, mkono nyuma, kama mwalimu anayesimamia mtihani. Akafika kwenye kona, nyuma kabisa, karibu na meza ya pasi, akaegemea ukuta, akanyanyua kidole. "Wapo huku."

Alikuwa sahihi, na si kwa bahati. Mawimbi yale marefu ya besi hujirundika kutani, na hujirundika zaidi kwenye kona. Sehemu za katikati ya chumba ndipo hupungua. Kiti changu cha vipimo kiko pale ambapo besi imetulia. Mtu aliyeimba besi thelathini na kitu hakuja kwangu kusikia besi iliyotulia. Tukampelekea kiti cha plastiki cha mikono, akakiweka sikio la kulia likitazama chumba. Hakusema kwa nini la kulia. Baada ya wiki mbili akaniuliza kama kliniki ya masikio inafunguliwa Jumamosi.

Jirani wa ghorofani ni nesi, mara nyingi analala mchana baada ya zamu ya usiku, na besi hupita zege kama vile halipo. Kwa hiyo tunasikiliza saa kumi na mbili jioni, kwa sauti ya chini, na kwa spika ndogo hilo linawezekana. Mahler siwekei hata siku moja. Okestra ya watu mia ndani ya futi 10 kwa 12 ni kama kusoma riwaya nzima kwenye risiti.

Kuna rekodi ambazo zinatuweka wote wawili sawa. Casals alirekodi zile suti sita za selo kati ya 1936 na 1939, na Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928. Zote ni za mono: spika zote mbili zinasema kitu kilekile, na hakuna kushoto wala kulia cha kupoteza. Hizo nazizimia spika moja, nyingine naisogeza karibu na kona ya baba, na mimi nakaa sakafuni kwenye zulia. Selo ya Casals inachakaza, mikwaruzo imo, na ile Do inavimba kwa sababu tuko kwenye kona. Baba anaipenda hivyo. Anasema huyo ana kifua.

Kliniki walimpa kifaa cha sikio la kushoto. Anakivaa kanisani. Kwenye muziki anakivua na kukiweka mfuko wa shati, anasema kinafanya fidla zilie kama mbu. Bado sijajaribu kumkalisha nacho kwenye kile kiti cha katikati; alama za gundi ya karatasi ziko sakafuni pale stuli zinapokaa, na kiti kinasubiri.