Ukinunua Pikapu ya Zamani, Lala Chini Kwanza

Wasee, niseme mapema: mimi si fundi. Niliacha uhandisi wa mitambo chuoni nikiwa mwaka wa pili, na nikienda nyumbani Kinangop stendi ninayoshukia inaitwa Engineer. Si utani, hilo ni jina la mji. Konda akiuliza, "Engineer kuna mtu?" na Mathe yuko kwa hiyo matatu, ananiangalia tu na kunyamaza. Ninajua anachofikiria.

Kwa hivyo aliponipigia simu mwaka jana kusema anataka pikapu ya fowili na mimi ndiye nimchagulie, niliskia fiti sana. Halafu akaongeza sehemu ya pili.

"Pesa ni ile yako ya shule. Nilikuwa nimeiacha kwa Sacco nikifikiri utarudi. Sasa ukichagua vibaya, tutakuwa tumeipoteza mara mbili."

Laki sita na nusu. Manze, sijawahi kuskia simu ikiwa nzito hivyo mkononi.

Nieleze kwa nini pikapu na si probox. Sisi huuza maziwa na viazi. Kutoka kwetu hadi kwa lami ni kama kilomita nne, na mvua ikinyesha hiyo barabara inageuka sabuni. Viazi vinaweza kungoja siku mbili. Maziwa hayangoji mtu. Ukichelewa kufika kwa mtambo wa kupoza yanaanza kuchacha, unarudi nayo, unapea ndama. Msimu wa mvua tulikuwa tunalipa punda, na punda akichoka tunabeba mgongoni.

Na kwa nini ya zamani? Kwanza bei. Pili, Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyotumika ikiwa imepita miaka 8. Kwa hivyo ukiona pikapu ya miaka ya tisini hapa, haijashuka meli juzi. Imekuwa hapa hapa, ikibebwa na barabara zetu na mafundi wetu. Ya kampuni, ya serikali, ya mkulima, imepita mikono mingi. Rangi mpya haikwambii kitu. Kinachokwambia ukweli kiko chini.

Sasa wacha nikupeleke chini.

Kwa pikapu ya kawaida, injini inazungusha giaboksi, giaboksi inazungusha propela, propela inazungusha difu ya nyuma. Basi. Kwa fowili, nyuma ya giaboksi kuna sanduku lingine la chuma, transfa kesi. Mafundi wengi wanaiita transfa tu. Kazi yake ni kugawa nguvu: propela moja inaenda nyuma, nyingine inaenda mbele. Ile leva ndogo kando ya leva ya gia ndiyo inaiamuru. 2H, magurudumu ya nyuma pekee. 4H, yote manne, mwendo wa kawaida. 4L, yote manne na gia nzito.

Hiyo 4L ndiyo watu hawaielewi. Kwa Hilux za kizazi cha LN106, zilizoanza 1988, uwiano wake ni kama 2.28. Maana yake nguvu ya kuzungusha inayotoka kwa giaboksi inazidishwa mara 2.28, na mwendo unapungua kwa kiasi hicho hicho. Injini yake ya 3L ni dizeli ya lita 2.8 bila tabo, na kwa hailwei utapitwa na kila mtu. Lakini kwa matope na mzigo, 4L inaifanya itembee polepole kama ng'ombe wa jembe, bila kukata tamaa. Land Rover Defender iko na transfa inayoitwa LT230, na gia yake nzito ni 3.32. Inatembea polepole zaidi, na inavuta zaidi.

Tofauti ya pili kati ya hizo mbili ni kubwa kuliko namba. Defender inaendesha magurudumu manne wakati wote, kwa sababu ndani ya transfa yake kuna difu ya katikati. Ukikata kona, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma, na hiyo difu inaruhusu tofauti. Ukikwama unaifunga kwa leva. Hilux ya zamani haina difu ya katikati. Ukiweka 4H kwa lami kavu na ukate kona, mbele na nyuma zinavutana na hakuna pa kutolea. Usukani unakuwa mzito, tairi zinalia, na kitu kinaumia. Kwa hivyo ukifika lami, unarudisha 2H. Sheria moja tu, lakini imeua transfa nyingi za watu waliopenda kuringa na 4H mjini.

Defender nzuri zilipita pesa yetu, hiyo ikatoka. Tukabaki na pikapu tatu za kuangalia. Mathe akasema siendi peke yangu. Naenda na Guka, fundi mzee wa Njabini aliyeanza kutengeneza Land Rover kabla Mathe hajaolewa. Nilikasirika kidogo. Nilitaka kwenda na kamera yangu, nipige vidio poa, nionekane najua. Nikaenda na kamera na Guka.

Ya kwanza ilikuwa kwa yadi moja Nairobi. Wasee, hiyo gari ilikuwa inang'aa. Rimu kubwa, taa juu ya kichwa, viti vimeshonwa upya. Muuzaji alikuwa anajua ninafanya kontenti. Akanivuta kando akaniambia nikiposti vidio nzuri atanitoa na kitu kidogo, hata kama sisi hatununui. Nilikuwa nimeshaanza kurekodi. Nikaingia, nikasukuma leva kwa 4H, ikaingia laini. Nikaangalia kamera nikasema, "Fowili iko sawa kabisa."

Guka alikuwa amelala chini ya gari kwa gunia. Akaniita. "Kijana, njoo unionyeshe hiyo fowili."

Nikainama. Kutoka kwa transfa kesi kwenda mbele hakukuwa na kitu. Propela ya mbele ilikuwa imetolewa. Wengine huitoa ikianza kutetemeka, badala ya kuitengeneza. Leva bado inaingia vizuri, kwa sababu ndani ya transfa kila kitu kiko. Ni vile nguvu ya mbele haina njia ya kufika popote. Muuzaji akasema hakuwa anajua. Labda ni kweli. Hata mimi sikuwa najua, na nilikuwa nimeshaapa mbele ya kamera.

Nilifuta hiyo vidio kabla hatujafika Limuru. Nilifikiria watu wangapi wangeiamini. Mtu angeuza ng'ombe wake kwa sababu ya sentensi yangu moja.

Ya pili ilikuwa ya mkulima karibu na Naivasha. Sitataja kampuni iliyoitengeneza, kwa sababu shida ilikuwa ya hiyo gari moja na vile ilitunzwa. Ilikuwa safi, imenyamaza, tamu kuendesha. Propela zote mbili zilikuwepo. Mimi nikasema hii ndiyo. Guka akauliza transfa yake ni ya gia au ya cheni.

Hapa chukua kalamu. Kuna transfa zinazopeleka nguvu mbele kwa gia tupu, meno kwa meno. Ni nzito, zinalia, lakini zinavumilia sana. LN106 yenye giaboksi ya mkono ni ya aina hiyo. Nyingine zinatumia cheni, kama ya baiskeli lakini pana. Ni nyepesi na hazina kelele. Cheni si ubaya. Ikibadilishiwa oili kwa wakati inadumu miaka mingi, na ikichoka unaweza kuibadilisha. Lakini cheni huwa inarefuka, na ikirefuka haikwambii ukiwa kwa lami na gari tupu. Inakwambia ukiwa na mzigo.

Basi Guka akasema tupakie. Mkulima alikuwa na magunia ya chakula cha ng'ombe, tukapakia kumi. Tukafunga habu za mbele, tukaweka 4L, tukapanda kilima cha mchanga nyuma ya boma. Katikati ya kilima, KA! Kama mtu amegonga chesi na nyundo. Tukasonga kidogo. KA! tena. Hiyo ni cheni iliyolegea ikiruka meno. Guka akafungua nati ya oili ya transfa, na mkulima hakukataa. Oili ilitoka nyeusi, na ukiisugua kwa vidole inametameta. Huo mmeto ni chuma.

Mkulima hakutudanganya. Hakuwahi kuweka 4L tangu ainunue. Alikuwa anaishi karibu na lami.

Ya tatu tuliipata Nyahururu kwa mwalimu mstaafu. Hilux LN106, namba ya KAG. Sura yake, wacha tu. Rangi tatu tofauti, kitanda cha nyuma kimeliwa na kutu, mlango wa abiria unafunguliwa kutoka nje peke yake. Niliona aibu kuitoa kamera. Ilikuwa inalia ndani ya 4L kama blenda yenye mahindi makavu. Mimi nikasema imekufa. Guka akacheka. "Hiyo ni sauti ya gia zikifanya kazi. Ogopa mgongo, usiogope wimbo."

Tukaipima vile vile kama ile ya pili. Mzigo, kilima, 4L. Hakuna KA. Juu ya kilima akageuza, akaishusha na gia ya kwanza bila breki, akiangalia leva ndogo. Transfa iliyochoka huwa inaruka kutoka 4L ukiachilia mafuta wakati wa kushuka, na hapo gari inakimbia na wewe. Hii ilikaa. Oili ilikuwa nyeusi lakini haikumeta, na haikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ikiwa na rangi hiyo, jua maji yameingia.

Shida ilikuwa moja. Habu ya mbele kushoto ilikuwa imekwama kwa FREE. Habu ndiyo unazungusha kwa mkono katikati ya gurudumu la mbele, FREE au LOCK, ili gurudumu lishikane na ekseli. Ikikwama kwa FREE, hilo gurudumu halipati nguvu, na difu ya kawaida inamwaga nguvu yote kwa upande usio na kazi. Kwa hivyo leva iko 4L, propela inazunguka, na mbele bado hakuna mvuto. Guka akaifungua, akaiosha na mafuta ya taa, akapaka grisi, ikarudi kuzunguka. Ndani ya nusu saa. Hapo ndipo nilielewa kwa nini aliipenda: kila kitu kilichokuwa kibaya kwa hiyo gari, yeye angeweza kukirekebisha Njabini, na spea ziko.

Tulilipa laki sita na kumi. Tuliangalia rekodi za NTSA kwanza, tukahakikisha jina ni la mwalimu na hakuna deni la benki, na hatukumaliza kulipa mpaka umiliki ukahama. Ile elfu arobaini iliyobaki ikaenda kwa sili, oili mpya ya transfa na difu zote mbili, na mlango.

Vidio ya hiyo Hilux ilifanya vibaya, niwe mkweli. Hakuna mtu anataka kuona kutu. Ile ya yadi ingenipa namba na kitu kidogo juu. Lakini hiyo ndiyo pointi yangu: gari inayofaa kamera na gari inayofaa barabara yenu mara nyingi si moja. Mtu kama mimi akikwambia "fowili iko sawa," muulize alilala chini wapi. Muulize alipakia nini.

Chuoni nilifundishwa uwiano wa gia. Nilipita huo mtihani, hata. Lakini sikuwa nimewahi kulala chini ya gari, na ningetumia pesa ya shule yangu kununua gari isiyo na propela. Sisemi shule ni bure. Nasema nilikuwa najua kitu na bado sikuwa nimekielewa.

Aprili mvua ilishika. Asubuhi moja nilikuwa nyumbani, Mathe akiendesha mwenyewe, makopo ya maziwa nyuma. Tulifika pale chini kwa kijito, pale punda alikuwa anakataa. Akasimamisha gari.

"Engineer," akasema, "shuka ufunge habu."

Nikashuka. Matope hadi juu ya kifundo. Kushoto LOCK, kulia LOCK. Akaweka 4L, ikaanza kulia ule wimbo wake, ikapanda. Sikuwa nimeingia bado. Hakusimama kuningoja, kwa sababu kwa matope ukisimama umekwisha. Nilimfuata kwa miguu hadi juu, na maziwa yalifika kabla ya saa mbili.

Kama kuna msee wako anatafuta pikapu ya zamani, mtumie hii kabla hajalipa dipo. Na mwambie abebe gunia la kulalia.